Kilichokuwa Kinamwamsha Baba

Mwaka ule chuo kilifungwa nikiwa katikati ya mwaka wa pili wa saikolojia, nikarudi nyumbani na daftari jipya na hasira nyingi. Sikuzoea kukaa bure. Kambi yetu ya wafanyakazi wa migodi, hapa Lubumbashi, ilikuwa imejaa watu wasiozoea kukaa bure: mafundi wa tanuri, madereva wa treni za madini, makarani, wote wakivaa kila asubuhi kama watu wenye mahali pa kwenda. Kampuni haikuwa imefunga, lakini kazi haikuwepo. King'ora kilichokuwa kinalia mara tatu kwa siku ili posti, yaani zamu, moja itoke na nyingine iingie kilikuwa kimenyamaza. Mjini, maduka yaliyoporwa yalikuwa bado hayana milango.

Nilichokiona kwanza ni kwamba kambini hapakuwa na mtu anayelala usiku kucha. Asubuhi ukimuuliza jirani kama amelala, hakujibu ndiyo wala hapana, alikusimulia. Nikaona hapa pana utafiti, na chuo kikifunguliwa nitakuwa nao mkononi. Nikapiga mistari kwenye daftari, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba na swali moja: nini kinakuamsha usiku?

Nyumba ya kuume ilikuwa ya mama mjane aliyeuza samaki wakavu wa Pweto na Kasenga. Magunia yake alilala nayo chumbani.

"Nini inakuamushaka bufuku, mama?"

"Paka."

"Paka ya nani?"

"Kama ningejua ni ya nani, ningekuwa nilishaikula. Andika vile vile. Andika paka."

Nikaandika paka.

Nyumba ya mbele alikaa mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu Kaskazini, mtu wa sala, aliyekuwa anangojea lori lake la unga kwa wiki ya tatu. Alisema Mungu ndiye anayemwamsha saa tisa ili aombe. Nilikuwa na umri wa kutoamini jibu lolote linaloanza na Mungu, nikamuuliza ana hakika gani kwamba siyo mawazo ya lori.

"Mtoto wangu, unataka kumpima Mungu na kalamu?"

"Nauliza tu, papa. Siku lori inafika, anakuamusha tena?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Siku ile ananiacha nilale," akasema, na tukacheka wote wawili.

Wengine walisema joto, mbu, mtoto anayenyonya, risasi za mbali, masufuria yanayopigwa mwizi akionekana, umeme unaorudi ghafla katikati ya usiku na kuwasha redio iliyosahauliwa. Wapo waliosema uchawi, na hao niliwauliza maswali mengi mpaka wakanifukuza. Lakini karibu wote, mwishoni, walitaja maji.

Nyumba nane zilikuwa na bomba moja uani. Mchana lilikuwa kavu kama mfupa. Maji yalikuja usiku, saa yoyote kati ya usiku wa manane na alfajiri, yakakaa muda mfupi, yakaondoka. Asiyeyasikia alishinda siku nzima na bidoni, madumu yake ya maji, tupu. Aliyeyasikia kwa ajili yetu sote alikuwa baba.

Aliweka sahani ya bati iliyopinduliwa chini ya bomba, ili tone la kwanza likianguka lilie. Alikuwa macho kabla ya tone hilo. Nilimchungulia dirishani usiku mwingi: mtu mrefu mwenye koti la zamani la kazini, anakunywa kikombe kimoja, anakunywa cha pili, halafu anaanza kupita milangoni. Hakupiga kelele. Aligonga kwa kidole kimoja, kila nyumba na namna yake ya kugongwa, na alisema neno moja tu: "Mayi." Mjane wa samaki, ambaye mgongo ulimuuma, hakubeba bidoni hata moja, alipotoka alikuta zake zimejaa. Nilikuwa msichana wa kutilia shaka kila kitu, na wema hasa, lakini kile kidole sikukitilia shaka.

Nilipomfikia na daftari langu, alikaa wima kama mtu anayehojiwa na mkubwa wake.

"Mwili yangu iko ku posti, mwana. Myaka makumi mbili na saba: wiki moja asubuhi, wiki moja mangaribi, wiki moja bufuku. Kampuni ilisimama, lakini mwili hakuna mutu aliyeuambia."

Nikalipenda jibu lile kupita kiasi. Nililipigia mstari chini mara mbili, nikaipa nadharia yangu jina kubwa la Kifaransa, nikaenda kuieleza kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia. Wanaume wa kambi waliitikia kwa kichwa: kweli kabisa, hata wao. Kwetu mwili haukuwa na kosa ambalo kazi haikulieleza. Mtu akiwa kiziwi, ni mashine. Akikohoa, ni moshi. Akiona ukungu, ni moto wa tanuri alioutazama ujana wake wote. Akiamka usiku, ni posti. Tulikuwa tumezaliwa ndani ya maelezo hayo, na mimi, niliyejisifu kwamba sikubali kitu bila ushahidi, nilikuwa nimeyachukua mazima mazima na kuyavisha suti.

Ni kweli baba alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Lakini nani hakukonda? Tulikula mara moja kwa siku. Ni kweli alikunywa maji mengi. Lakini alikuwa bombani, angefanya nini?

Mtu mmoja tu sikumuuliza. Asubuhi moja mama alikuwa anafagia nyuma ya jiko, akasimama.

"Sasa miye, hauniulize?"

"Wewe unalalaka vizuri, mama. Hautokake."

Akacheka mpaka akaegemea ufagio. "Nani alikuambia? Baba yako?"

Akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa, akalimimina kiganjani mwake. Yalikuwa maharagwe.

"Kila mara baba yako anatoka inje, miye minatia haragi moja. Asubuhi minahesabu, minarudisha ku mufuko. Jana ilikuwa sita. Juzi sita. Ile siku ya mvua, saba."

"Anaenda kuangaria mayi, mama."

"Mayi ilikuja mara ngapi jana?"

"Mara moja."

"Basi ile tano, alienda kuangaria nini?"

Nikasema posti. Nikamwambia juu ya mwili unaokumbuka saa za kazi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa heshima, kisha akauliza, "Ku posti ya bufuku, banaamukaka mara sita?"

Hawaamki. Mtu wa posti ya usiku anakesha usiku mzima, na mtu wa posti ya asubuhi analala usiku mzima. Mwili uliozoea posti ungekesha, au ungelala. Usingepanda na kushuka kitandani mara sita kama mtu anayefukuzwa. Nilisimama pale na daftari langu. Nadharia ya wiki nne ilikuwa imeanguka mbele ya ufagio.

"Kuja uone," mama akasema.

Nyuma ya jiko, kando ya ukuta, kulikuwa na mahali ambapo baba alijisaidia haja ndogo usiku kwa sababu choo kilikuwa mbali na giza lilikuwa na wezi. Sisimizi walikuwa wamejaa pale, mstari mweusi ukitoka mpapaini, ukipita chini ya jiwe, ukifika hapo hapo.

"Tududu tunaenda kila mahali, mama."

"Kila mahali. Lakini hapa njo soko yabo."

Nikacheka. Hilo bado linaniuma, kwamba nilicheka. Mama hakukasirika. Alinionyesha vifuniko viwili vya kopo, vimewekwa mbali kidogo kimoja na kingine juu ya udongo aliousafisha. Kimoja kilikuwa kimekauka bila mgeni. Kingine hukuiona rangi yake kwa jinsi wadudu walivyokifunika.

"Hii ni yangu," akasema, akionyesha kile kikavu. "Hii ni ya baba yako."

"Uliipata namna gani?"

"Ni bwana yangu, haiko Raisi."

Ndipo nikaelewa ninachokitazama. Mwanamke huyu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa ameweka kitu cha kupimia na kitu cha kulinganisha, ubavu kwa ubavu, kwenye udongo mmoja, usiku mmoja. Walimu wangu walichukua muhula mzima kutufundisha hilo, na nilipoenda nyumba kwa nyumba nililisahau. Nikaona aibu, halafu nikaona fahari, na nikafanya kile ninachofanya fahari ikinishika: nikabisha.

"Viwili havitoshe, mama. Pengine ni ile nafasi tududu tunapenda. Tutie ya tatu, yangu. Tubadilishe nafasi. Na miye njo nitaangaria, lakini wewe usiniambie ya nani ni ya nani. Tia alama ya makala chini."

"Sasa njo unaongea kama mutoto yangu," akasema mama.

Tulifanya mara mbili, jioni mbili. Nilichuchumaa mbele ya vifuniko vitatu mpaka miguu ikafa ganzi. Mara ya kwanza sisimizi walikwenda kushoto. Nikakigeuza kifuniko: alama ya makaa ilikuwa ya baba. Jioni ya pili mama alikiweka upande mwingine, na nikawaona wakija mpaka kushoto walikozoea, wakizunguka, wakipoteana, kisha mmoja akavuka kwenda kulia na wote wakamfuata.

Mama aliketi kwenye kigoda cha jiko. Aliniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kaka mkubwa wa baba, mfanyakazi wa reli kule kaskazini walikotoka, alianza vile vile: kiu, kukonda, kutoka nje usiku. Watu wa reli walisema ni uchovu wa reli. Alikata kidole cha mguu kwa jembe, kikakataa kupona. Mguu ulikwenda kwanza, yeye akaufuata.

"Minaogopa muguu," akasema mama. Hapo nikajua kwa nini alihesabu maharagwe.

Kumpeleka baba zahanati halikuwa jambo dogo. Aliamini kwamba siku king'ora kitakapolia tena, kampuni itaita wazima kwanza, na jina lililoandikwa kwenye kitabu cha wagonjwa litabaki nje. Alikuwa anangojea king'ora kile kama mfanyabiashara alivyongojea lori. Nilimweleza ugonjwa wa sukari ni nini, figo zinavyoimwaga sukari kwenye mkojo, kiu inatoka wapi. Nilisema sentensi ndefu.

"Chuo walifunga mapema," baba akasema. "Wangengoja kidogo, ungekuwa mwalimu. Miye niko muzima. Minaamuka juu ya mayi. Nikilala, nani ataamusha bantu?"

Mama akainuka. Alikwenda nyuma ya jiko, akarudi na vifuniko vitatu juu ya sinia, akaviweka miguuni pake kama anayemwekea chakula.

Baba akatazama. Pale tanurini kazi yake ya miaka ya mwisho ilikuwa kuchota kipimo: kijiko kirefu cha chuma ndani ya shaba iliyoyeyuka, kinapelekwa maabara kabla ya kumimina. Walikiita sampo. Hakuna aliyemimina bila sampo, hata mkubwa akipiga kelele. Akachuchumaa taratibu.

"Hii ni nini?"

"Sampo," akasema mama. "Yako, yangu, ya mutoto."

"Nani aliichukua?"

"Miye."

"Mara ngapi?"

"Miye mara moja. Na mutoto mara mbili, tena tulibadilisha nafasi."

Alibaki amechuchumaa. Sisimizi mmoja alitembea ukingoni mwa kifuniko chake, na baba hakumfukuza. Nadhani maneno yangu yote yalikuwa hayajamgusa, kwa sababu yalitoka kwenye vitabu, na vitabu havikuwahi kusimama mbele ya moto. Hiki alikijua.

"Ku tanuri," akasema, "sampo mbili zikisema kintu kimoja, tulikuwa tunasimamisha." Akainuka, akaenda kutafuta koti lake.

Zahanati haikuwa na umeme wala karibu kitu kingine chochote. Muuguzi alikuwa mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuomba radhi kwa upungufu, na hilo lilinifanya nimheshimu mara moja. Alitoa chupa yenye maji ya rangi ya buluu nzito, akamimina kidogo kwenye bomba la kioo, akaongeza matone ya mkojo wa baba, akalishika kwa kibanio cha nguo juu ya mbabula, lile jiko la makaa ambalo kila nyumba hapa inalo. Alilitikisa polepole ili lisipasuke. Sote wanne, muuguzi, baba, mama na mimi, tuliinama tukatazama.

Buluu ilikaa muda. Kisha ikawa kijani. Baba akavuta pumzi. Kijani ikawa manjano, manjano ikachafuka, na kutoka chini kabisa ikapanda rangi nyekundu nzito, rangi ya tofali, ikatulia.

"Docteur," akasema baba, "mu ile dawa muko shaba."

Muuguzi akamtazama juu ya miwani. "Iko, papa. Ulijua namna gani?"

"Minaijua." Hakuondoa macho. "Ku tanuri iliingia kama mawe ya kijani, inatoka nyekundu. Myaka makumi mbili na saba minaona vile."

"Njo sukari inaitosha inje. Sukari ikiwa mingi, shaba inatoka. Yako iko mingi kabisa, papa."

Baba akalisogelea bomba la kioo. Nilimwangalia kwa hofu, nikitafuta mtu aliyevunjika. Lakini uso wake ulikuwa ule aliokuwa nao zamani akituonyesha kipande cha shaba safi alichokileta nyumbani tukiwa wadogo.

"Kumbe tanuri haijafunga," akasema. "Iko mu miye."

"Nyamaza, papa wa bantu," mama akasema, na akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

Muuguzi alisema mengi, na baba aliyashika kama maagizo ya mkuu wa posti: chai bila sukari, bukari, ugali wetu, kidogo na mboga nyingi, kutembea kila siku, na miguu iangaliwe kila jioni, katikati ya vidole. Vidonge havikuwepo kambini. Jirani yetu wa Kivu, lori lake lilipofika hatimaye, alimtuma dereva wake avitafute ng'ambo ya mpaka kupitia Kipushi, akaja navyo amevifunga ndani ya Biblia. "Hii pia uandike," akaniambia. "Andika nani alimwamsha dereva." Nikaandika. Sikubishana naye siku ile.

Mama aliendelea na kopo lake. Sita ikawa tano, tano ikawa nne. Kila jioni alimwosha baba miguu kwenye beseni, akaileta karibu na taa, akaikagua kama anayechambua mchele. Maharagwe yakafika mawili.

Halafu ukaja usiku mmoja. Nilikuwa macho, kwa sababu zangu mwenyewe. Sijawahi kuwa mlalaji. Sahani ya bati ikalia uani. Nikangoja mlango wa baba. Sahani ikaendelea kulia, tone juu ya tone, halafu mchirizi. Nikanyata mpaka chumbani kwao. Baba alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na mama ameketi kitandani kando yake, kidole mdomoni mwake mwenyewe.

"Muache," akanong'ona. "Enda wewe."

Nilikwenda. Sikujua kila mlango unagongwaje. Nilianza na mlango wa karibu, nikagonga kwa ngumi, na mjane wa samaki akatoka na mchi mkononi.

"Ni wapi banakufa?"

"Mayi, mama."

"Papa iko wapi?"

"Analala."

Akashusha mchi. Akaniangalia kama niliyemletea habari ya mtu aliyerudi kutoka safari. Aliwaambia waliotoka nyuma yake, na hao wakawaambia wengine, na sijui nani aliyeamua, lakini watu wa nyumba nane walichota maji usiku ule bila neno. Mtu alifunga kitambaa mdomoni mwa bomba ili maji yasipige chini ya bidoni. Watoto waliinua ndoo kwa mikono miwili badala ya kuziburuta.

Baba aliamka jua likiwa usoni mwake, akatoka nje kwa hasira, akakuta kila chombo kimejaa.

"Nani aliamusha bantu?"

"Miye, papa."

"Uligonga namna gani?"

Nikamwonyesha ngumi. Akafumba macho kwa maumivu.

Kwenye posti mtu hatoki mpaka amemkabidhi anayeingia: moto ukoje, nini kimeharibika, nini cha kuangaliwa. Baba hakuwahi kutoka kwa namna nyingine. Alinikalisha mezani, na kwa kidole kimoja, juu ya mbao, akanipa nyumba moja baada ya nyingine. Mwenye mtoto mchanga, mara mbili, chini kwenye mlango, polepole. Mtu wa Kivu, mara moja tu, maana huwa macho. Mama wa samaki, mara tatu, na usingoje atoke, chukua bidoni zake mwenyewe. Nilirudia, akanisahihisha, nikarudia tena.

Mama akaja na kopo, akalitikisa. Lilitoa sauti moja.

"Moja!" nikasema. "Papa aliamuka saa ngapi?"

"Papa hakuamuka," akasema mama. "Ile ni yangu. Alilala sana, minaamuka kuangaria kama anapumua."

Nikafungua daftari. Katika kurasa zote zile jibu la mama halikuwemo.